Meza ya kugusa sio tableti yenye miguu

Juzi mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia meza za kugusa, yaani zile ambazo uso wake wenyewe ni kompyuta mnayoiendesha kwa vidole, zilikufa zenyewe kwa sababu ni tableti tu iliyowekewa miguu. Nilinyamaza maana tulikuwa kwenye kikao, ila neno lile limenikaa rohoni mpaka leo. Na kikao chenyewe kilikuwaje? Watu sita, ramani moja ya jengo, kila mtu kainamia laptopu yake. Mmoja anasema angalieni hapo kushoto, wengine kushoto ipi, basi faili linatumwa, tunalifungua, kumbe ni la wiki iliyopita. Nusu saa imeenda hivyo, na meza kubwa ipo katikati yetu.

Simu na tableti ni za mtu mmoja. Meza ni ya kuzungukwa, mnaonana usoni, na mkono wa mwenzako unaona unaelekea wapi kabla hajafungua mdomo. Waliozianza hizi meza walilijua hilo vizuri sana. Mwaka 1991 mtafiti Pierre Wellner alifunga kamera na projekta juu ya meza ya kawaida kabisa, unaweka karatasi yako, unaonyesha namba kwa kidole, kikokotoo kinaisoma. Alafu 2001 maabara ya Mitsubishi Electric ikatoa DiamondTouch, na hii jamani naipenda kuliko zote, kwa sababu ilijua kidole ni cha nani! Meza inatoa ishara ndogo za umeme, ukigusa zinapita mwilini mwako mpaka kwenye kiti ulichokalia, kwahiyo nikifuta mstari inajua nimefuta mimi sio wewe, na watu wanne wanaweza kufanya kazi kwa pamoja bila kuchanganyiana. Hivi tableti gani inafanya hivyo?

Microsoft wakaja 2007 na meza yao waliyoiita Surface, inchi 30, ndani kuna kamera 5 za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, inaona vidole vingi kwa mpigo na hata vitu ulivyoweka juu yake. Ila kidole cha nani, haijui. Na bei waliyotangaza ilikuwa dola 5,000 mpaka 10,000, sasa nani angeiweka sebuleni? Ikaishia kwenye maduka na mahoteli. Mwaka 2012 wakachukua lile jina wakaipa tableti, meza ikabaki kuitwa PixelSense. Jina la kitu cha watu wengi likaenda kwa kitu cha mtu mmoja, iliniuma kweli.

Sawa, nakubali, kuandika barua ndefu juu ya kioo ni mateso, na aliyekaa upande wa pili anasoma kichwa chini miguu juu. Kuendesha kompyuta kwa kupunga mikono hewani bila kugusa kitu nako sikutetei, dakika chache tu mabega yanauma.

Lakini niliwahi kuona watoto wawili wasiojuana kwenye meza ya kugusa ya makumbusho fulani, mmoja kashika kona ya ramani, mwingine anaivuta aikuze, wakagombana kidogo, wakaelewana wenyewe, zamu yako zamu yangu, hakuna mtu mzima aliyeingilia. Nilisimama pale nikawaangalia mpaka wakaitwa na wazazi wao.

Kikao kingine ni Alhamisi. Meza ya kugusa hatuna, kwahiyo ile ramani naichapisha kwenye karatasi kubwa naitandaza katikati, na laptopu naomba zifungwe.