Maktaba ya nyaraka za ofisi mpeni mtu wa masijala

Siku hizi kila ofisi hapa Tabora inataka maktaba moja ya nyaraka mtandaoni: watumishi wanapakia mafaili, kisha ukiuliza swali kwa Kiswahili cha kawaida, akili mnemba inakutafutia jibu. Sina ugomvi na hilo. Aliyewahi kuambiwa wiki nzima kwamba jalada "liko mezani kwa bosi" hawezi kulipinga. Ugomvi wangu ni na amri inayofuata: "Pakieni kila kitu." Halafu kazi anapewa kijana wa TEHAMA, au mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyeachwa na skana kwenye korido.

Na hii ni Tabora, mji wenye kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma ambako watu husomea utunzaji wa kumbukumbu. Wataalamu tunao, ila tunawapita mlangoni kwa sababu ofisi yao, masijala inakotunzwa majalada, ina vumbi.

Tuangalie mashine inavyofanya kazi. Programu nyingi za aina hii hukata waraka vipande vipande, kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba unaobeba maana yake, na ukiuliza unaletewa vipande vilivyo karibu na swali lako. Mara nyingi kipande kinakuja bila kichwa cha waraka wala tarehe yake. Aya ya posho ya safari kutoka waraka uliokwishafutwa inafanana sana na ile ya waraka unaotumika sasa. Zikiwa zimepakiwa zote mbili, unaweza kujibiwa kwa ile ya zamani, tena bila wasiwasi wowote, ukaandika madai na mhasibu akakurudishia.

Mtu wa masijala angeuliza kwanza: huu umefutwa na upi? Ndivyo alivyofundishwa. Anaweka namba ya folio, yaani namba ya kila waraka ndani ya jalada, anafunga jalada lililojaa, anaandika juu yake mambo yanaendelea wapi. Mada, tarehe, unatumika au hautumiki: hayo ndiyo mashine inayahitaji, na hayamo kwenye faili linaloitwa "skani 0047" au "barua mpya ya mwisho kabisa 2". (Hilo la pili kila ofisi inalo, msinikatalie.)

Skani nazo zina yake. Ukurasa uliopigwa picha ni picha tu. Maandishi yasiposomwa na programu, waraka upo lakini hautafutiki. Barua ya taipureta yenye muhuri uliokaa juu ya tarehe inaweza kusomwa 8 badala ya 3. Lazima mtu aikague kwa macho.

Kubwa zaidi ni siri. Serikalini tumezoea masijala ya wazi na masijala ya siri. Jalada binafsi la mtumishi lina barua za onyo, vyeti vya daktari, majina ya watoto. Kwenye kabati la chuma, mdaku alihitaji ufunguo. Kwenye maktaba isiyowekewa mipaka ya nani aone nini, anahitaji kuuliza tu: "Nani amewahi kupewa onyo hapa?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sidhani kama "bosi alisema kila kitu" itakuwa utetezi wa maana.

Najua nitakachojibiwa: watunza kumbukumbu wetu wengine kompyuta inawapa shida. Kweli wapo. Lakini kupakia faili kunafundishika asubuhi moja, wakati kujua lipi liingie na lipi libaki kabatini watu wanasomea stashahada.

Kijana wa TEHAMA abaki na nywila, ruhusa za watumiaji na nakala za akiba. Mama wa masijala apewe kompyuta isiyozimika kila saa, na apewe kwa maandishi mamlaka ya kumwambia hata mkurugenzi: hili, mheshimiwa, haliingii.