Usianze na vifaranga mia, anza na mitetea sita

Kila nikisema nafuga kuku lazima atokee mtu wa kunitumia ile hesabu ya wasapu. Mnaijua, vifaranga mia, zidisha bei ya kuku mkubwa, toa chakula, miezi kadhaa mbele we ni tajiri. Kwenye hesabu ile hafi kifaranga hata mmoja, umeme haukatiki na kunguru hayupo. Mi niliiamini, nikaleta vifaranga hamsini wa kuroila, kuku chotara, wa siku moja hapa kwangu Kivule, Dar, kwahiyo haya nayasema nikiwa bado na uchungu kidogo.

Kwa maoni yangu anayeanza asiguse vifaranga kabisa. Kifaranga wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35 usiku na mchana, halafu unalishusha taratibu kila wiki, sasa mi nilikua nategemea balbu tu, umeme ukakatika usiku nimelala fofofo, asubuhi nakuta wamelundikana kona moja, wa juu wamewakandamiza wa chini, kumi na nne wamekufa. Ugonjwa hakuna hapo, ni baridi. Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, ya duara isiyo na kona ingesaidia, na jiko la mkaa la akiba, ila hayo niliambiwa baada ya msiba.

Waliobaki wakakua vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Miezi mitatu ilipofika mmoja akazubaa, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani, kesho yake mwingine kapinda shingo anaangalia juu kama anaomba dua. Ushauri ukamiminika, mwarobaini, shubiri, pilipili, na kuna duka la dawa wakaniuzia antibayotiki nami nikanunua!! Kumbe kilikua kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, na kideri kinaletwa na kirusi jamani, antibayotiki hakiisikii. Nilibaki na kuku wanne.

Na kosa lilikua langu. Chanjo ya kideri ya siku ya saba niliwapa, ila kwenye maji ya bomba yenye klorini, na klorini inaiua chanjo kabla kuku hajainywa. Ya kurudia ndo sikutoa kabisa, niliona wamechangamka nikasema hela hiyo ninunulie pumba.

Aliyenifungua macho ni bibi wa nyumba ya jirani. Nilimfata kulalamika kwamba kuku wake ndo wameniletea ugonjwa, akaniangalia tu. "Mwanangu, wako na wangu wanachakura jalala moja. Ukichanja wako peke yako unamkomoa nani?" Kwakweli sikua na jibu. Na ukifikiria, kichupa kimoja cha chanjo ya matone kina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu anayeanza, nyingine zinamwagwa. Saivi tunachanga nyumba nne, kila baada ya miezi mitatu tunazunguka jioni kuku wameshaingia bandani, tone moja jicho moja, unamshika mpaka apepese ndo unamwachia, na anayeonekana mgonjwa hachanjwi. Kama mtaani kwako hamfanyi hivi basi anza na hilo kabla hujanunua hata mbao ya banda.

Mitetea sita niliyoanza nayo upya nilinunua ya miezi kama minne, kwa mtu ninayemjua, imeshachanjwa. Bei ya mmoja iliniuma ukilinganisha na kifaranga lakini wale kumi na nne wa usiku mmoja pia niliwalipia. Mwezi wa pili tu tukaanza kuokota mayai, watoto wanagombania nani akaangalie kwenye boksi. Jogoo sikua naye, na mayai ya kula hayahitaji jogoo, watu wanabishana sana kwenye hili sijui kwanini. Nimekuja kumleta baadae nilipotaka mayai ya kuangua vifaranga, na kuku wa kulalia chukua kienyeji kabisa, machotara wanataga sana ila wengi wao kulalia hawataki.

Kuku koo mwekundu kalalia mayai kumi na moja, siku 21 zimetoka roho tisa, na safari hii balbu sijanunua, joto ni la mama yao. Wiki ya kwanza kunguru kabeba wawili mchana kweupe nikiwa nimesimama pale pale na ufagio mkononi. Saivi nawafungia chini ya tenga mpaka wakomae, bibi ananicheka, anasema la kwake liko pale uani miaka yote sikuwahi kuuliza la nini.