Nyimbo 23 za Rayvanny: albamu ndefu inamsaidia nani?

Mashabiki wa Bongo Fleva hapa Mbeya wakianza kumjadili Rayvanny, hawakawii kugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba kazi yake kubwa ni Sound from Africa ya 2021, albamu ya nyimbo 23 yenye wageni kutoka nchi kadhaa. Wengine hawabanduki kwenye Flowers, EP (albamu fupi) aliyoitoa 2020. Mimi ni wa Flowers, ila hoja za wenzetu si za kupuuza.

Wana hesabu nzuri. Kwenye Boomplay au Spotify kila wimbo unahesabiwa peke yake, na Spotify huhesabu ukishasikilizwa sekunde 30. Nyimbo 23 ni nafasi 23 za kunasa msikilizaji. Mgeni naye huja na watu wake. Kijana wa Mbeya aliyekwishachukua tuzo ya BET mwaka 2017 hawezi kuambiwa aimbe kwa ajili ya Mwanjelwa tu.

Tabu inaanza ukiisikiliza albamu hiyo ndefu moja kwa moja. Flowers ni mapenzi na ile sauti yake ya kubembeleza, basi. Kwenye Sound from Africa kila mgeni anavutia mdundo kwake, na ukifika katikati Rayvanny mwenyewe amekuwa kama mgeni kwenye albamu yake.

Diamond naye alikwama hapo, kwa sababu nyingine. A Boy from Tandale ya 2018 ina Ne-Yo na Rick Ross, lakini ndani yake mna nyimbo zilizokwishachosha redio, kama Nana ya 2015. Kwa aliyemjua Diamond siku hiyo, hiyo ni zawadi. Kwa shabiki wa zamani, ni kuuziwa tena alichonacho. Isitoshe, ngoma za miaka tofauti, zilizotengenezwa na maprodyuza tofauti, hazilingani besi wala ukubwa wa sauti. Spotify husawazisha ukubwa wa sauti, flash haisawazishi, ndiyo maana dereva anahangaika na kitufe cha sauti kila wimbo ukibadilika.

Na huku kwetu flash bado ina kazi yake. Ukipakia albamu kwenye flash ya gari, redio nyingi hazijui mpangilio wa msanii: nyingine hufuata alfabeti, nyingine hufuata wimbo upi ulinakiliwa kwanza. Anayetaka kuihukumu albamu kwa haki aweke 01, 02, 03 mwanzoni mwa jina la kila faili, azinakili kwa zamu hiyohiyo kwenye folda yake, na flash iwe ya FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili unaosomwa na redio nyingi. Zile za GB 64 mara nyingi huja na exFAT, mfumo mwingine ambao redio nyingi haziusomi, redio ikakaa kimya watu wakidhani flash imekufa. Kwa ubora wa 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde), dakika moja ni karibu MB 1. Albamu ya saa nzima ni kama MB 60, nayo inaisha safari ya Mbeya kwenda Tukuyu haijaisha. Wimbo uliopakuliwa kwa 64 kbps usiutumie kumhukumu prodyuza. Matoazi yanasikika kama mchanga.

I Am Zuchu ya 2020 ina nyimbo 7 na haina pa kuruka. Afro East ya Harmonize, mwaka huohuo, ina 18. Theluthi yake ingebaki studio nisingeitafuta.

Lakini ufupi pekee haumwokoi mtu. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001, ni ya enzi za kaseti. Wakati ule kuruka wimbo kulikuwa kazi: unapeleka mbele, unapitiliza, unarudisha, na betri zinaisha. Msikilizaji alivumilia, na msanii naye alilazimika kufikiria upande A unafungwa na nini. Rapa mwenye habari ya kusimulia anahitaji nafasi ndefu, na hapo wapenzi wa albamu ndefu wananishinda.

Alikiba ndiye anayenipa shida. Only One King ya 2021 ina nyimbo 16 na wageni wengi, wakiwemo Sauti Sol na Sarkodie. Ningeikata bila huruma, ila wimbo wa Utu umo humo, hauna mgeni, sauti imeachiwa nafasi yake. Mtu akiniambia bila albamu ndefu wimbo mtulivu kama huo usingepata pa kukaa, sina jibu la haraka. Angeutoa peke yake, redio zingeuweka usiku wa manane.