Mgeni Njoo, Mwenyeji Ashike Mkia

Juma lililopita nilitumiwa bango la kusanyiko la kayaki za baharini ambalo nimealikwa kwenda kufundisha ng'ambo kwa mara ya pili, na mpaka ninapoandika haya hasira haijanitoka. Nusu nzima ya bango imechukuliwa na picha yangu, nimeinua kafi juu ya kichwa kana kwamba nimeua papa, na chini yake yameandikwa kwa herufi nene maneno "mkufunzi wa kimataifa". Majina ya wenyeji, watu waliokuwa wakipiga kafi katika maji yale tangu enzi ambazo mimi sikujua sketi ya kayaki, ile ya kuzuia maji yasiingie chomboni, huvaliwa upande gani, yamebanwa pembeni kwa herufi ambazo ilinibidi nizikuze ndipo nizisome, yote chini ya neno moja: wasaidizi. Nakiri kwamba kabla ya kukasirika niliitazama ile picha kwa muda. Ni picha nzuri.

Cheo cha kimataifa sikukisomea. Nilikipata kwa kupanda ndege. Kwetu mimi ni mkufunzi tu, na wanafunzi wangu huchelewa, hunibishia, na hunikumbusha kwamba jambo hilo nilikwisha kulisema mwaka jana. Nikivuka mpaka mmoja, maneno yaleyale yanageuka hekima, na watu wazima wanayanakili katika daftari zisizolowa maji.

Adha za safari yenyewe nitazipitia haraka, kwa kuwa kila aliyesafiri na kafi la vipande vinne anazijua. Betri za akiba za redio hubebwa mkononi, fataki za dharura hazipandi ndege kabisa, na mlangoni yupo afisa wa uhamiaji ambaye kwake kufundisha bila malipo bado ni kufanya kazi, kwa hiyo aulize mapema anayepanga kwenda. Ukifika unapewa kayaki ya kuazima ambayo kiti chake kilichongwa kwa nyonga za mtu mwingine. Hayo yote yanavumilika. Nisiloweza kulivumilia ni desturi ya kumkabidhi mgeni uongozi wa kundi baharini siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege, huku mwenyeji akitumwa nyuma kushika mkia.

Ninachoweza kusafiri nacho ni ufundi wa mwili. Kuilaza kayaki ubavu ili igeuke, kuzungusha kiwiliwili badala ya kuchosha mikono, kujiinua baada ya kupinduka, kumrudisha mwenzako chomboni na kumvuta kwa kamba: hayo yanafundishika popote penye maji, kwa sababu viuno na mabega ya binadamu ni yaleyale. Bahari haipakiwi mzigoni. Ujuzi wa mkondo fulani unaozunguka mwamba fulani saa fulani ya maji kupwa hukaa pale ulipo, pamoja na watu wake, na anayeshuka uwanja wa ndege anaufikia akiwa mtupu, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Nilijifunza hilo kwa aibu, katika kusanyiko la kwanza, kwenye pwani moja ya bara la Amerika. Tulikuwa tukirudi bandarini na wanafunzi wanane, ukungu umeshuka, na nilikwisha kuwaeleza, kwa sauti ya mtu wa kwenye bango, kwamba kayaki haikai katikati ya njia ya meli bali hujibanza nje kidogo ya ukingo wa kulia. Mbele yetu likajitokeza boya jekundu, mojawapo ya yale yanayoonyesha kingo za njia ya meli. Mimi nimekulia katika mfumo ambao chombo kinachoingia bandarini kutoka baharini huacha maboya mekundu kushoto na ya kijani kulia, na mwili wangu umelizoea hilo kama unavyozoea mlango wa nyumbani. Nikatangaza kwamba tumepotelea ukingo wa kushoto na kwamba tutavuka njia yote kwa pamoja, upesi, bila kuachana. Katika mabara yote mawili ya Amerika, pamoja na Japani, Korea Kusini na Ufilipino, mpango huo umepinduliwa: chombo kinachoingia huacha mekundu kulia. Tulikuwa mahali hasa tulipopaswa kuwa, na mkufunzi wa kimataifa alikuwa anataka kuwavusha watu wanane katika njia ya vyombo ndani ya ukungu.

Sauti iliyotoka mkiani haikuwa kali. Yule mama aliyepewa kazi ya kufunga msafara alisema tu kwamba angependelea tubaki hapo tulipo, mwalimu akiridhia, kisha akasogea mbele taratibu kana kwamba anakuja kunionyesha ndege wa baharini. Hakunisahihisha mbele ya wanafunzi. Alinieleza ufukweni, tukiwa wawili, tunakunja kamba. Kabla hatujafika ufukweni huko tulisikia mashine ya boti ya uvuvi ikipita upande ule niliotaka kuwapeleka. Hatukuiona.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba habari ya maboya nilikuwa naijua. Nimewahi kuifundisha ubaoni, kwa rangi, nikijisifu. Lakini kulijua jambo ubaoni na kuwa nalo mwilini wakati mikono imeganda na watu wanane wanakutazama ni mambo mawili, na mgeni anakuwa na lile la kwanza tu. Jioni ile kwenye hafla nilipigiwa makofi kwa kuwarudisha watu salama katika ukungu. Sikusimama kusema ukweli, na hilo ndilo sehemu kubwa ya sababu ya kuandika leo.

Maboya ni mfano mmoja. Chukua ile kanuni ya sehemu kumi na mbili, ya kukadiria maji yanajaa kiasi gani kila saa, ambayo kila mkufunzi huisomesha kama dua: saa ya kwanza maji hujaa sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu na ya nne tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Ni kanuni nzuri mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa viwango vinavyokaribiana. Ukiipeleka sehemu nyingi za Ghuba ya Mexico, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, au pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, ambako ujazo wa pili haulingani na wa kwanza, inakudanganya. Katika Bahari ya Baltiki, ambako kujaa na kupwa karibu hakupo, maji hupandishwa na kushushwa na upepo na mgandamizo wa hewa, na mgeni mwenye jedwali lake la maji kujaa na kupwa atabaki ameduwaa. Hata namba za jedwali lenyewe hazisomeki sawa kila nchi: Marekani hutumia futi, na sifuri yao imewekwa kwenye wastani wa kupwa kwa chini zaidi kwa kila siku, hivyo kushuka chini ya sifuri ni jambo la kawaida, ilhali kwingine sifuri huwekwa karibu na kina cha chini kabisa ambacho mwezi na jua vinaweza kukileta.

Na hapo bado hatujagusa milango ya bahari, ambako wakati wa mkondo kusimama hauhitaji kuafikiana na wakati wa maji kujaa au kupwa. Pale Falls of Lora, Uskoti, maji ya ghuba ya Loch Etive hutoka kwa kupita juu ya ukingo wa mwamba, na huendelea kutoka hata baada ya bahari ya nje kuanza kujaa tena. Atakayelisoma jedwali la bandari ya jirani na kusema "sasa mkondo umelala" atakutana nao ukiwa macho kabisa. Mwenyeji haangalii jedwali; anatazama mwani umelalia upande gani.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Mgeni ana faida yake, kwa sababu watu huwachoka walimu wao, na kosa ambalo mwenyeji amelisema kwa miaka kumi husikika siku moja likisemwa kwa lafudhi ya kigeni. Mimi mwenyewe nilirekebishwa mkono wangu wa kushoto na mkufunzi mgeni aliyekaa nasi siku mbili, baada ya kuwapuuza waliokuwa wakiniambia lilelile kila Jumamosi. Sasa sawa, tumwiteni mgeni, alipwe nauli, afundishe mkono wa kushoto. Kutoka hapo hadi kumpa kauli ya mwisho kuhusu kutoka au kutotoka baharini ni safari ndefu, na hakuna aliyenieleza bado ni nani aliyeiamua.

Tena mchezo huu ulianza kinyume. Kayaki ni chombo cha watu wa Aktiki, waliokiunda kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe, na mgeni alikwenda kwao akiwa mwanafunzi. Gino Watkins, Mwingereza aliyeongoza msafara wa Greenland wa 1930 hadi 1931, alifundishwa kujiinua na Wainuiti, wenyeji wa huko. Mwaka 1932 alitoka peke yake kuwinda sili, kayaki yake ikaonekana inaelea, na mwili wake haukupatikana. Simtaji kwa ajili ya kifo hicho, maana bahari ile iliwachukua na wenyeji vilevile. Namtaja kwa sababu aliingia katika kayaki kama mtu anayefundishwa. Sisi tumeligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu, na kisha tukalichapia bango.

Nimewajibu waandaaji kwa masharti. Nitawasili siku tatu kabla na kupiga kafi nikiwa mshiriki wa mwisho katika kundi la mwenyeji; uamuzi wa kutoka, kugeuka au kubaki ufukweni utakuwa wake, nami nitautii mbele ya wanafunzi; na majina yataandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja. Wamekubali siku tatu, mradi malazi nijilipie. Kuhusu uamuzi wa baharini wamesema tutazungumza. Kuhusu herufi wamesema bango limekwisha kwenda mtamboni.

Sijathibitisha kwamba nitakwenda. Nimeomba kwanza nipewe njia ya kumwandikia yule mama, maana nimegundua kwamba katika barua zote hizi hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anataka nije.