Ganzi ya miguu sio sukari tu
Hapo mnaposema ganzi ya miguu kwa mtu mzima ni kisukari au umri tu, mi nakataa, mzee wangu sukari yake iko sawa kila akipimwa lakini vidole vya miguu vilianza kufa ganzi ikawa inapanda taratibu, akifumba macho kunawa uso anayumba mpaka ashike ukuta. Kapewa vitamini weee, mpaka daktari wa neva alipoagiza kipimo cha kutenganisha protini za damu ndo ikaonekana kingamwili (protini za damu za kupigana na magonjwa) ya aina ya IgM imezidi na inashambulia utando unaofunika neva. Protini zisizo za kawaida za namna hii, za aina zote sio IgM tu, wanazo kama asilimia 3 ya waliovuka miaka 50, wengi haziwasumbui, ila mwenye ganzi isiyoeleweka apimwe jamani! Kuna aliyetibiwa kwa rituximab (dawa ya kupunguza seli zinazohusika kutengeneza kingamwili) humu, kutembea kulirudi?