Ganda jipya, komeo lile lile

Mpwa wangu anaishi Montana, Marekani, na risasi zake anajitengenezea mwenyewe. Huokota ganda lililokwisha kupigwa, akalitia fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa, akaenda zake kuwinda kulungu. Kwetu Malindi mambo hayo ni hadithi za mbali, maana Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini juzi alinitumia picha ya ganda moja, na ubishi wake ukatuweka barazani mpaka kahawa ikapoa.

Bunduki yake ni Winchester 94, ile ya kuvuta wenzo chini ya mkono, aliyoibuni John Browning. Risasi yake ni ya aina ya .30-30, ila chemba, yaani tundu la mtutu ganda linamokaa, imechongwa upya kwa mtindo wa fundi wa bunduki P. O. Ackley: kuta za ganda zimenyooshwa na bega, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni, limekazwa hadi digrii 40. Ndani kumepatikana nafasi zaidi, na swali ni baruti kiasi gani iwe mwisho.

Mpwa wangu anasema aweza kuongeza baruti kupita kawaida, na hoja yake si ya kitoto. Ganda lililonyooka hung'ang'ania kuta za chemba baruti inapowaka, na komeo, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, hupata msukumo mdogo. Ackley alilijaribu kwa vitendo: aling'oa chuma kinachofunga komeo, akapiga, na ganda likabaki chembani, fataki tu ndiyo iliyorudi nyuma. Tena maganda ya namna hii hayarefuki upesi, kwa hiyo hudumu. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Nikamwonyesha picha jirani yangu, fundi wa mashine za boti. Bunduki hajui, presha anaijua. Akauliza swali moja: "Chemba ikiwa na mafuta je?"

Hapo ndipo penye kidonda. Sisi watu wa pwani kila chuma tunakipaka mafuta, la sivyo chumvi inakila. Chemba yenye mafuta haishikwi na ganda, na mzigo wote unarudi kwenye komeo. Jaribio la Ackley linathibitisha kwamba shaba hushika ikiwa kavu. Halithibitishi kwamba komeo limepata nguvu mpya, kwa sababu ni chuma kile kile, kinafungia nyuma kabisa, na kikisukumwa sana hujipinda kidogo kisha kikarudi. Ganda ndilo linalolipia.

Kikomo cha kiwanda kwa .30-30 ni pauni 42,000 kwa inchi ya mraba. Cha .30-06, aina nyingine ya risasi, ni 60,000, lakini risasi hiyo hupigwa kwa bunduki zilizojengwa kuihimili. Wengi hujipima kwa kuangalia fataki: ikibonyea ikawa bapa, wanapunguza baruti. Kwa bunduki hii kipimo hicho kimechelewa, kwani mara nyingi fataki husema pale presha ilipokwisha kuvuka 42,000 zamani.

Na faida yenyewe? Wapakiaji risasi wana hesabu yao ya kukadiria: gawa ongezeko la nafasi kwa nne. Nafasi ikizidi kwa 8%, presha ikibaki pale pale, kasi hupanda kama 2%. Kwa risasi ya futi 2,200 kwa sekunde, hizo ni futi 44. Anayekwambia amepata futi 200, basi nyingi ya hizo kazitoa kwenye presha, hata kama mwenyewe anaziita matunda ya chemba mpya. Mimi naona kikomo kiwe kile cha bunduki ya kawaida, na kushika kwa ganda kuhesabiwe kama akiba isiyoguswa.

Mpwa wangu hakupenda. "Mjomba, mnaogopa kitu msichokijua," aliandika.

Fundi alikuwa bado ameikuza picha kwa vidole viwili. Juu kidogo ya kitako cha ganda palikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kama uzi, umezunguka pande zote. Akasema shaba imevutwa pale, ndani imekonda. Nikamwandikia kijana achukue kipande cha waya, akikunje ncha, akiburute ndani ya ganda.

Jibu lilikuja alfajiri yetu. Waya ulinasa palepale penye mstari. Kati ya maganda 20 aliyokagua, 11 aliyaponda kwa koleo.