Vidonge vya damu vikigoma, angalieni tumbo
Mwandishi wa makala ya upungufu wa damu niliyoisoma anasema anayepungukiwa damu ale vizuri na ameze vidonge vya madini ya chuma, basi. Kwetu hilo halikutosha. Mama mdogo alikunywa rozela na kumeza vidonge vya kuongeza damu miezi minne, na bado HB (kipimo cha wingi wa damu) ikagoma kwenye 8. Akipanda ngazi anasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Hedhi alishakoma, minyoo hana. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza habari za kiungulia, akaagiza kipimo cha choo cha Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo. Kumbe anaye! Alivyotueleza, bakteria huyu akikaa muda mrefu anaharibu ukuta wa tumbo hadi asidi inapungua, na asidi ikipungua madini ya chuma ya kwenye mboga na vidonge hayafyonzwi vizuri. Kukiwa na kidonda, damu nayo inavuja kidogo kidogo. Akapewa antibayotiki mbili na omeprazo, dawa ya vidonda vya tumbo, siku 14 (mdomo mchungu, alilalamika kila asubuhi), vidonge vya damu akaendelea navyo, na baada ya miezi mitatu HB ikafika 11.6. Sisemi kila mwenye upungufu wa damu ana bakteria huyu, na wengi wanaye huku damu yao iko sawa. Ninyi wenzangu mlipimwa kwa choo au kwa damu? Maana kile cha damu kinaweza kuonyesha unaye hata ukiwa umeshapona.